Kipandauso au kichwa cha kawaida? Tafuta chanzo kwa kufuata dalili

Ukisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Nairobi, ombi utakalolisikia kuliko mengine ni hili: "Daktari, nipe kitu cha kichwa, lakini kile kikali." Ukimuuliza mtu kichwa kimeanza lini na kinauma vipi, anakukata: "Ni malaria tu." Mwingine atasema ni sinasi, mwingine presha, mwingine mawazo ya kodi na karo. Kipandauso, yaani kile kichwa kiitwacho migraine kwa Kiingereza, hakitajwi, ilhali ukimpa mtu dakika mbili aeleze vizuri, mara nyingi ndicho anachokieleza.

Kinachowapoteza watu ni zile siku tatu. Shambulio la kipandauso kwa mtu mzima, lisipotibiwa, hudumu kuanzia saa 4 hadi saa 72, kisha huisha lenyewe. Kwa hiyo dawa yoyote uliyokuwa ukimeza wakati huo, iwe ya malaria, ya taifodi au antibiotiki ya sinasi, ndiyo itakayopewa sifa. Kichwa kikirudi mwezi ujao, unarudi kununua ileile.

Hapa chini malalamiko yamepangwa jinsi watu wanavyoyasema wenyewe. Chanzo kinachopatikana zaidi kimetangulia, na kisichopatikana sana kimefuata. Lakini kabla ya hayo yote, kuna dalili ambazo hazingoji.

Acha kusoma, nenda hospitali

Mojawapo ya hizi ikikupata, usipitie duka la dawa. Nenda moja kwa moja hospitali yenye idara ya dharura, au piga 999 au 112.

- Kichwa kilicholipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja hivi, kikali kuliko chochote ulichowahi kukisikia. Huenda damu inavuja ndani ya kichwa.
- Uso umekwenda upande, mkono au mguu umelegea, au maneno yamevurugika ghafla.
- Kichwa pamoja na homa na shingo ngumu, au kuchanganyikiwa, degedege, au madoa ya zambarau kwenye ngozi.
- Mjamzito aliyepita wiki ya 20, au mama aliyejifungua majuzi, mwenye kichwa kikali, macho yenye ukungu, uso na mikono iliyovimba, au maumivu chini ya mbavu. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, nayo huua mama na mtoto.
- Kichwa baada ya kuanguka na bodaboda au kugongwa, hasa ukitapika, ukisinzia isivyo kawaida, au ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.
- Jicho jekundu linalouma sana, na ukitazama taa unaona pete za rangi kuizunguka.

Kuna kundi la pili ambalo si la kukimbiza ambulensi, lakini linataka daktari upesi, siku hiyohiyo au kesho yake: kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, kichwa kinachozidi wiki hadi wiki, kinachouma zaidi ukikohoa au ukilala chali, na kichwa kipya kwa mtu mwenye saratani. Pia mtu anayeishi na VVU. Kwake yeye, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu inaweza kuanza polepole kwa wiki nzima au zaidi, kichwa tu na homa kidogo, shingo ikiwa laini kabisa. Mtu huyo asiuziwe vidonge kaunta na kuambiwa arudi asipopona.

"Nyumba nzima tumeamka na kichwa"

Hiki si kipandauso. Kipandauso hakiwapigi baba, mama na watoto wote asubuhi moja. Mwezi wa Julai baridi ya Nairobi ikikaza, watu hulala na jiko la makaa ndani, dirisha limefungwa na kitambaa kimezibwa chini ya mlango. Makaa yanayofuka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na ukitoka nje unapata nafuu. Ukirudi ndani, kinaanza tena. Jenereta iliyowashwa ndani ya duka au karakana huleta janga lilelile.

Toeni watu nje kwanza, fungueni milango, kisha hospitali, hata kama nafuu imeshapatikana. Mkifika, semeni wazi kwamba mlilala na jiko. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mtu ameshapata sumu, kwa sababu hakitofautishi gesi hiyo na oksijeni ndani ya damu. Msipotaja jiko mnaweza kurudishwa nyumbani.

"Kinagonga upande mmoja, sitaki mwanga, sitaki harufu"

Chanzo cha kwanza kukifikiria: kipandauso. Jiulize maswali matatu kuhusu miezi mitatu iliyopita. Je, kichwa kimewahi kukuzuia kufanya kazi au shughuli zako kwa siku moja au zaidi? Ulipoumwa, tumbo lilichafuka? Mwanga ulikusumbua kuliko siku ambazo huumwi? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, uwezekano wa kipandauso ni mkubwa. Kipimo kingine cha bure ni ngazi: kipandauso huzidi ukipanda ngazi au ukitembea haraka, ndiyo maana mgonjwa hutafuta chumba chenye giza na kulala kimya.

Usikitoe kipandauso kwenye hesabu kwa sababu kinauma pande zote mbili. Jina limewadanganya wengi. Watu wengi huumwa kichwa kizima, au kisogoni, au nyuma ya jicho. Usikitoe pia kwa sababu hutapiki. Ukiuliza nyumbani, mara nyingi mama, shangazi au nyanya naye alikuwa "na kichwa chake", maana ugonjwa huu hufuata ukoo. Wanawake walio katika umri wa kuzaa huupata karibu mara tatu ya wanaume.

Chanzo cha pili: kichwa cha mkazo wa misuli. Hiki hubana pande zote mbili bila kugonga, hakitapishi, na unaweza kuendelea na kazi ukinung'unika. Maji, chakula, kunyoosha shingo na vidonge viwili vya parasetamoli humaliza habari.

Chanzo cha tatu, nadra, huwapata zaidi wanaume: maumivu makali mno kuzunguka jicho moja, jicho likitoa machozi na pua ya upande huohuo ikitiririka, kwa dakika 15 hadi saa 3, kisha yanakatika na kurudi, pengine saa ileile kila usiku. Mtu huyu halali gizani, huzunguka chumba akishika kichwa. Vidonge vya kawaida havimsaidii. Ana matibabu yake, na anastahili daktari wa neva.

Neno kuhusu picha za kichwa. Watu huuza mbuzi kulipia skani kwa sababu ya kipandauso. Ikiwa mashambulio yako yanafanana, yana miaka, na daktari amekupima macho, nguvu na mwendo akaona uko sawa, skani kwa kawaida haitaonyesha lolote. Kipandauso hakionekani kwenye picha. Fedha hizo zitafanya kazi zaidi kwenye dawa za kinga, nitakazozitaja mbele.

"Kinakuja tu, bila sababu"

Sababu zipo, ila ni nyingi kwa pamoja. Ubongo wenye kipandauso huchukia mabadiliko: ya usingizi, ya chakula, ya homoni, ya mwanga. Kichocheo kimoja pekee mara nyingi huvumilika. Matatu ya abiria kumi na wanne ikishabeba ishirini, huwezi kumlaumu aliyeingia mwisho peke yake. Ndiyo maana mtu huapa ni marashi ya jirani ofisini, na kesho yake ananusa marashi yaleyale bila shida yoyote. Jana alikuwa hajala.

Njaa ndiyo naitaja kwanza, na kwa makusudi. Mkazi wa Githurai au Rongai anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni hunywa chai kavu, au hanywi kabisa, kisha chakula cha kwanza cha maana kinakuwa saa nane mchana. Hizo ni saa nyingi mno. Kabla hujanunua dawa ya bei, jaribu wiki chache za viazi vitamu, mayai au hata mandazi mawili na njugu kabla ya saa tatu asubuhi.

Maji nayo yana siri ambayo watu hawaisemi, hasa akina mama: hawanywi kwa kuhofia foleni ya Mombasa Road isiyo na choo. Basi mtu anafika jioni amekunywa kikombe kimoja tangu asubuhi. Ikiwa ndivyo, kunywa mara tu ufikapo kazini badala ya njiani.

Usingizi pungufu huchochea, na usingizi uliozidi pia. Miraa na muguka haviharibu kichwa kwa njia moja tu: vinakesha nawe, vinakuondolea hamu ya chakula, na kesho yake unalala mchana. Pombe humchochea mtu aliye tayari, bila kujali bei ya chupa.

Kisha mji wenyewe. Matatu yenye taa za rangi zinazometameta na spika chini ya kiti, moshi wa dizeli pale kituo cha matatu, jua la saa saba likigonga vioo vya majengo ya Upper Hill, cheche za wachomeleaji Kariobangi, taa ya ofisi inayopepesa. Huwezi kuhama jiji. Unaweza kukaa mbele karibu na dereva, kuvaa kofia yenye ukingo au miwani ya jua ukiwa nje, na kuomba taa hiyo mbovu ibadilishwe. Lakini miwani ya giza usiivae ndani ya nyumba kutwa, kwani macho huzoea giza na mwanga wa kawaida unakuwa adui zaidi.

Tahadhari moja kabla hujaanza kujinyima vyakula. Saa kadhaa, au hata siku moja au mbili kabla ya maumivu, ubongo unakuwa umeshaanza shambulio: unapiga miayo, unakojoa mara nyingi, unakasirika bure, shingo inakaza, unatamani vitu vitamu. Unakula chokoleti, kichwa kinakuja, unailaumu chokoleti. Huenda hamu yenyewe ilikuwa dalili ya kwanza. Shingo nayo ni vivyo hivyo: wengi wamebadilisha mito mitatu wakati mkazo wa shingo ulikuwa sehemu ya kipandauso. Kichocheo cha kweli hujirudia mara nyingi. Kilichotokea mara moja usikihukumu.

"Naona vimulimuli, kisha nusu ya maandishi inapotea"

Mara nyingi hii ni aura, yaani dalili za neva zinazotangulia maumivu kwa baadhi ya wenye kipandauso. Mstari unaong'aa wenye pembepembe huanza padogo na kutanuka, au ganzi hutoka vidoleni ikipanda mkono hadi mdomoni. Hudumu dakika 5 hadi 60, kisha huondoka. Wakati mwingine maumivu hayafuati kabisa.

Kasi ndiyo itakayokusaidia kutofautisha. Aura husababishwa na wimbi la msisimko wa umeme linalotambaa juu ya ubongo, milimita 3 hivi kwa dakika, likiacha nyuma yake seli zilizonyamaza kwa muda. Mbrazili Aristides Leão alilieleza wimbi hilo mwaka 1944 alipokuwa akichunguza ubongo wa sungura. Kwa kuwa linatambaa, dalili zako nazo hutambaa: zinaongezeka taratibu na kuhama. Kiharusi hakitambai. Kinazima mkono, uso na usemi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo: aura ya kwanza maishani, aura iliyozidi saa nzima, mkono uliolegea kweli badala ya kufa ganzi tu, au kupoteza uwezo wa kuona katika jicho moja peke yake, hizo zote ni za hospitali. Funika jicho moja kisha jingine. Aura ya kawaida utaiona kwa macho yote mawili, maana inatoka kwenye ubongo.

Ukiwa unaendesha gari au bodaboda, simama pembeni hadi ipite.

Na dada yangu unayetumia vidonge vya majira vyenye estrojeni: ukipata aura, mwambie mhudumu wa uzazi wa mpango. Aura pamoja na estrojeni ya vidonge huongeza hatari ya kiharusi, na hatari inazidi ukivuta sigara. Sindano, kipandikizi na vidonge visivyo na estrojeni kwa kawaida vinaruhusiwa. Usiache tu ghafla bila kubadilishiwa, ukaja kupata mimba usiyoitarajia.

"Nilimeza dawa, haikufanya kitu"

Chanzo cha kawaida: ulichelewa. Watu huvumilia kichwa tangu asubuhi, wakisubiri kuona kama "kitashuka chenyewe", wanameza jioni kikiwa kimeshika kabisa. Katika kipandauso tumbo hupunguza mwendo, kidonge kinakaa palepale bila kuingia kwenye damu. Meza mara tu maumivu yanapoanza na umetambua kuwa ni kile chako. Hii ndiyo marekebisho ya bei ndogo kuliko yote katika mwongozo huu.

Chanzo cha pili: kipimo kidogo. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kwa mtu mzima hakitoshi. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini ni gramu 1, yaani vidonge viwili, na jumla isizidi gramu 4 kwa saa 24. Hesabu pia parasetamoli iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula mara nyingi hufanya kazi kuliko parasetamoli, na aspirini miligramu 900 iliyoyeyushwa majini nayo ni dawa nzuri ya kipandauso. Lakini ibuprofeni na aspirini si za mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au mjamzito bila ruhusa ya daktari. Aspirini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 16.

Chanzo cha tatu: unatapika. Dawa ya kuzuia kichefuchefu kama metoklopramidi hutuliza tumbo na kulisukuma liendelee kufanya kazi, hivyo ile ya maumivu inapita. Iombe kwa mfamasia au daktari, usiikisie.

Kama umefanya hayo yote mapema, kwa kipimo sahihi, katika mashambulio matatu hivi na bado hupati nafuu, uliza kuhusu triptani, ambazo sumatriptani ndiyo inayojulikana zaidi. Hizi hazikuundwa kwa maumivu ya jumla, zimelengwa kipandauso. Humezwa maumivu yanapoanza, si wakati wa aura. Zikifanya kazi kisha kichwa kikarudi, kidonge cha pili kinaweza kumezwa baada ya saa 2. Kama cha kwanza hakikufanya lolote, usirudie kwa shambulio hilohilo. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa asizitumie.

"Sasa kinauma karibu kila siku"

Toa simu uhesabu ni siku ngapi mwezi uliopita ulimeza kitu cha kichwa. Hesabu siku, usihesabu vidonge. Kama ni siku 15 au zaidi kwa parasetamoli, aspirini au ibuprofeni peke yake, au siku 10 au zaidi kwa vidonge vya mchanganyiko wenye kafeini, vyenye kodeini, au triptani, na hali hiyo imepita miezi mitatu, basi dawa yenyewe sasa ndiyo inayolea kichwa. Watu hawaamini wakiambiwa. Vidonge viwili vya kioski vilivyofungwa kwenye karatasi ya gazeti vinaonekana kitu kidogo, na wenye kawaida hiyo ni wengi: mama mboga anayemeza asubuhi "kabla hakijaanza", dereva, mlinzi wa usiku.

Tiba ni kuacha, na lazima niseme ukweli: kichwa kitazidi kwanza. Siku 2 hadi 10 za mwanzo ni ngumu, pamoja na kichefuchefu na usingizi mbovu. Nafuu ya kweli huja baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Dawa za kawaida unaweza kuziacha kwa mkupuo. Zenye kodeini usiziache bila daktari. Chagua wiki isiyo na arusi wala mtihani, na mweleze unayeishi naye ili asikukimbizie dawa kwa huruma. Ni vizuri daktari akuanzishie dawa ya kinga wakati uleule.

Kama siku za dawa ni chache lakini siku za kichwa ni 15 au zaidi kwa mwezi, hicho huenda ni kipandauso sugu, au msongo wa mawazo na sonona vimejificha humo, au unakoroma na kukatika pumzi usiku. Yote matatu yanataka kliniki.

"Ni kila Jumamosi", "Ni siku ya kwanza ya Ramadhani"

Malalamiko mawili, chanzo kimoja: ratiba imevunjika. Jumamosi unalala hadi saa nne, chai ya saa kumi na mbili umeikosa, na mkazo wa wiki nzima umeshuka ghafla. Amka karibu na saa ya kawaida, kunywa chai yako, kisha rudi ulale kidogo ukitaka. Anayefunga apunguze chai na kahawa taratibu wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, maana kichwa cha kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Asiruke daku. Mwenye mashambulio makali aongee na daktari mapema. Mgonjwa ana ruhusa yake.

"Kinafuata siku zangu za mwezi"

Estrojeni hushuka ghafla kabla ya hedhi, na kipandauso hupenda kipindi cha kuanzia siku mbili kabla hadi siku ya tatu ya hedhi. Weka alama kwenye kalenda kwa miezi mitatu. Ikiwa vinalingana na hedhi yako haibadiliki sana, daktari anaweza kukupa dawa ya familia ya ibuprofeni uimeze kwa siku chache tu, kuanzia siku moja au mbili kabla. Mashambulio ya hedhi huwa marefu na makaidi, kwa hiyo usijilaumu kwamba unajidekeza.

Ukipata mimba, kwa wengi hutulia baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kikizidi badala ya kutulia, rudi juu kwenye dalili zisizongoja.

"Ni malaria", "ni sinasi", "ni presha", "ni macho"

Malaria: Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maambukizi ndani ya jiji ni machache. Swali ni kama umetoka Kisumu, Kakamega, Pwani au sehemu nyingine yenye malaria wiki chache zilizopita. Kipandauso hakileti homa. Ukiwa na joto, pima damu. Usipokuwa na homa wala safari, dawa ya malaria ni fedha zilizotupwa. Taifodi nayo inapendwa sana kwa sababu ya kile kipimo cha haraka cha damu cha Widal, ambacho peke yake hakiaminiki. Huweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiye nayo.

Sinasi: uambukizo wa kweli huleta makamasi mazito ya njano au kijani, homa, na kupoteza harufu. Pua kuziba kidogo na jicho kutoa machozi wakati kichwa kinagonga ni kawaida katika kipandauso, kwa kuwa neva zinazopeleka habari za uso zinahusika. Watu wengi wanaojiita wenye sinasi wana kipandauso.

Presha: iliyopanda kiasi kwa kawaida haiumizi kichwa, na maumivu yenyewe huipandisha. Pima ukiwa umetulia, rudia siku nyingine. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na kichwa, macho yenye ukungu au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Macho: miwani mibaya huchosha macho na kuumiza paji la uso jioni. Haitapishi mtu.

"Mtoto ananiambia tumbo, si kichwa"

Watoto hupata kipandauso pia, na mara nyingi hakifanani na cha wazazi. Huuma pande zote mbili, huisha ndani ya saa chache, na kwa wengine tumbo ndilo linalouma: mtoto anakuwa mweupe midomoni, hataki chakula, anatapika, analala, anaamka akicheza. Walimu humwita mtoro. Angalia kwanza kama anakwenda shule bila uji, anakunywa maji, na analala saa ngapi akiwa na simu mkononi. Dawa zake ni parasetamoli au ibuprofeni kwa uzito wake. Mtoto aliye chini ya miaka mitano mwenye kichwa kinachojirudia, anayetapika kila asubuhi, anayeyumba akitembea au aliyeanza kukengeza macho, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Wakati wa dawa za kinga

Ukipata siku 4 au zaidi za kipandauso kwa mwezi, au chache zinazokulaza kabisa, kuna dawa za kumeza kila siku ili mashambulio yapungue. Propranololi haimfai mwenye pumu. Amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku humfaa pia asiyelala vizuri. Topiramati na valproati ni hatari kwa mtoto aliye tumboni, na valproati haipaswi kupewa mwanamke anayeweza kushika mimba kwa ajili ya kipandauso. Zote huanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa pole pole, na hukumu isitolewe kabla ya wiki 8 hadi 12 za kipimo kamili. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi.

Unapokwenda kliniki, beba kalenda ya miezi miwili au mitatu: siku ya kichwa, saa kilipoanza, ulichokula au kukosa kula, saa za usingizi, hedhi, dawa uliyomeza na kama ilisaidia. Kalenda ya bure ya duka la jumla inatosha. Foleni za hospitali za umma ni ndefu na dakika za daktari ni chache. Ukimwekea karatasi hiyo mezani, mazungumzo yataanzia kwenye dawa ya kujaribu badala ya kuanzia kwenye "kinauma wapi".